GARI YA KISASA NA WAJIBU WA DEREVA

(Haya ni maelezo kamili ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya wafanyakazi, madereva na wakaazi walioalikwa. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuwahi kuhudhuria.)

Awali ya yote natoa shukurani zangu kwa kupewa nafasi hii ya kuzungumza nanyi juu ya jambo linalomgusa kila mmoja wetu, mwenye gari na asiye na gari. Jambo lenyewe ni uendeshaji salama wa gari ndogo za abiria za kisasa, ambazo hivi sasa zimejaa katika barabara zetu za Unguja na Pemba.

Liko neno lililozoeleka vinywani mwetu kila inapotokea ajali. Husemwa, "Ajali haina kinga." Neno hili lina faraja yake kwa mfiwa, na si vyema kumnyang'anya mtu faraja yake. Lakini likisemwa na dereva kabla ya safari, au na mkuu wa kazi baada ya gari ya ofisi kupinduka, huwa si faraja tena bali ni udhuru. Ajali nyingi zina kinga, na kinga yenyewe inajulikana. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 walifariki kwa ajali za barabarani ulimwenguni mnamo mwaka 2021. Zaidi ya nusu ya wanaofariki ni waendao kwa miguu, wapanda baskeli na wapanda pikipiki. Na kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna sababu ya kifo iliyo kubwa kuliko hii. Hao ndio wanafunzi wetu wa skuli na vijana wetu wa kazi.

Madhumuni ya mazungumzo yangu ni kueleza jambo moja. Gari ya kisasa imepewa vifaa vingi vya kuokoa maisha, lakini kila kifaa kina masharti yake. Asiyeyatimiza masharti hayo ni sawa na asiyekuwa na kifaa, na pengine yuko katika hatari kubwa zaidi, kwa vile amekwishajiamini.

GARI ZETU NA ASILI YAKE

Ndugu wananchi, gari nyingi ndogo tunazozitumia zimetoka Japan zikiwa zimekwishatumika. Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani wa gari zao uko kulia, kwa hivyo gari hizo zinatufaa. Hata hivyo hutufikia zikiwa na mambo matatu ya kuzingatiwa.

Jambo la kwanza ni umri. Gari inaweza kung'ara rangi yake ilhali tairi, mipira ya breki na mikanda ya viti imekwishachoka. Jambo la pili ni lugha. Kitabu cha maelekezo ama hakimo, ama kimeandikwa kwa Kijapani. Ile karatasi ya rangi iliyobandikwa kwenye kizuizi cha jua, juu ya kioo cha mbele, ina onyo zito juu ya mfuko wa hewa, nasi hatuwezi kuisoma. Wapo hata wanaoibandua kwa kuona kwamba inachafua gari. Jambo la tatu ni mazoea. Dereva aliyejifunza kazi katika gari ya zamani huhamishia mazoea yake katika gari ya kisasa, na baadhi ya mazoea hayo, kama nitakavyoeleza, hivi sasa yana madhara.

Nahodha akikabidhiwa chombo asichokijua hakitweki tanga siku hiyo hiyo. Hukizunguka, akakikagua, akauliza kinavyobeba shehena na kinavyogeuka. Nasi tuliokabidhiwa gari tunapaswa kufanya vivyo hivyo.

MWENDO WA GARI NA MASAFA YA KUSIMAMA

Nianze na mwendo, kwa sababu mwendo ndio unaoamua kama vifaa vyengine vitafaa kitu. Dereva mwenye akili timamu na macho mazima huhitaji kiasi cha sekunde moja tangu kuiona hatari mpaka mguu kukanyaga breki. Katika sekunde hiyo gari haijapunguza chochote. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa itakuwa imekwenda mita 14, na kwa mwendo wa kilomita 100 itakuwa imekwenda mita 28.

Baada ya hapo ndipo breki zinapoanza kazi. Kwa barabara kavu, tairi nzima na breki nzuri, hesabu ya jumla inakuwa kama hivi:

Kwa kilomita 50 kwa saa, gari husimama baada ya kiasi cha mita 28.
Kwa kilomita 80 kwa saa, baada ya kiasi cha mita 57.
Kwa kilomita 100 kwa saa, baada ya kiasi cha mita 83.

Inafaa tuzingatie kwamba mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya breki hayazidi mara mbili bali mara nne. Hii ni kanuni ya maumbile, na hakuna gari, hata iwe mpya au ya thamani namna gani, iliyosamehewa kanuni hii. Barabara ikiwa imerowa, masafa hayo huongezeka zaidi.

Kuna njia nyengine ya kuuelewa mwendo, ambayo kwa sisi watu wa visiwani ni nyepesi. Gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa ikigonga ukuta, kishindo chake ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10. Kwa mwendo wa kilomita 80, ni sawa na kuanguka kutoka mita 25. Sote tunaujua mnazi wa mita 10, na tunajua mkwezi aliyeteleza kutoka juu yake huwa katika hali gani. Abiria aliyekaa garini bila ya mkanda, kwa mwendo ambao yeye anauona ni wa kawaida, ni kama mtu aliyekaa kileleni mwa mnazi huo akiwa ameachia mikono yote miwili.

Ili kupata nafasi ya kutosha baina ya gari yako na iliyo mbele, tumia kipimo hiki. Gari ya mbele inapopita nguzo au mti, hesabu sekunde mbili. Ukiufikia mti huo kabla ya sekunde mbili kwisha, umekaribia mno. Wakati wa mvua hesabu sekunde nne.

MKANDA WA KITI

Mkanda wa kiti unaopita begani na nyongani, huu tunaoujua sote, ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo ya Sweden mwaka 1959, na kampuni hiyo iliwaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Mpaka leo hakijapatikana kifaa kilichookoa watu wengi garini kuliko huu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kuufunga hupunguza uwezekano wa kufa kwa waliomo garini hadi kufikia nusu.

Masharti yake ni haya. Sehemu ya chini ya mkanda ikae juu ya mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo. Sehemu ya juu ipite katikati ya bega na kifua, si shingoni wala chini ya kwapa. Mkanda usisokoteke, wala usilegezwe kwa kubanwa kibanio cha nguo. Mama mjamzito naye anapaswa kufunga. Sehemu ya chini aipitishe chini ya tumbo, na sehemu ya juu ipite baina ya maziwa. Aliyevaa baibui au kanzu autie mkanda ukaze mwilini, usilale juu ya mikunjo ya nguo.

Wengi wetu tunadhani kwamba mkanda ni wa walio mbele tu. Hili ni kosa kubwa. Abiria wa nyuma asiyefunga mkanda, gari inapogonga, hurushwa mbele kwa uzito mkubwa na kumwangukia aliyefunga. Kwa hivyo anayekaa nyuma bila ya mkanda hajihatarishi peke yake.

Kadhalika nizungumzie mtoto anayepakatwa. Mama au baba huamini kwamba mikono yake itamzuia mwanawe. Tuchukue mtoto wa kilo 10 katika gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa, ikagonga na kusimama ndani ya nusu mita. Kwa nukta hiyo mtoto huvuta mbele kwa nguvu ya kiasi cha kilo 200, yaani gunia mbili kubwa za mchele. Hakuna mikono ya binadamu iwezayo kuzuia uzito huo. Mtoto mdogo mahali pake ni kiti cha nyuma, katika kiti chake maalumu kilichofungwa barabara. Pia isijaribiwe kumfunga mtoto pamoja na mkubwa katika mkanda mmoja, kwani uzito wa mkubwa humponda mtoto.

MIFUKO YA HEWA

Gari nyingi za kisasa zina mfuko wa hewa ndani ya usukani na mwengine mbele ya abiria. Gari inapogonga kwa nguvu, mfuko huo hujaa na kufutuka kwa muda wa chini ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Kwa kasi hiyo, mfuko unaweza kuokoa na unaweza pia kujeruhi. Umetengenezwa umsaidie mtu aliyefunga mkanda, na asiyefunga mkanda hukutana nao akiwa tayari anarukia mbele.

Dereva akae mbali na usukani, kifua chake kiwe si chini ya sentimita 25 kutoka katikati ya usukani. Mikono ishike pembeni, wala mkono usipite juu ya kitovu cha usukani. Abiria wa mbele asiweke miguu juu ya dashibodi. Kiti cha mtoto mchanga kinachoelekea nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa. Hilo ndilo onyo lililoandikwa kwa Kijapani katika ile karatasi niliyoitaja.

Aidha, ni desturi ya baadhi yetu kuipamba dashibodi kwa zulia la manyoya, chupa ya manukato na boksi la karatasi laini. Vitu hivyo viko juu ya mlango wa mfuko wa hewa. Mfuko ukifutuka huvirusha usoni mwa abiria. Namwomba kila mwenye gari aviondoe leo hii.

Liko suala jengine ambalo wamiliki wa gari zilizotumika wanapaswa kulijua. Kampuni ya Takata ya Japan ilitengeneza mifuko ya hewa kwa ajili ya gari za Honda, Toyota, Nissan, Mazda, BMW na nyengine nyingi. Ilibainika kwamba katika mingi kati ya hiyo, baruti ya kuujaza mfuko huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na pindi ikilipuka huweza kupasua kasha lake la chuma na kurusha vipande kama risasi. Kwa Marekani peke yake, mitambo zaidi ya milioni 60 iliamriwa ibadilishwe, na kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya visiwa vyetu mwaka mzima. Mwenye gari iliyotengenezwa kati ya mwaka 2000 na 2015 aichukue namba ya chesisi na kuipeleka kwa wakala wa kampuni iliyoitengeneza, aulize kama gari hiyo ni miongoni mwa zilizotakiwa kubadilishwa mfuko.

Kabla ya kununua gari, tazama taa ya mfuko wa hewa katika dashibodi. Ufunguo ukiwashwa, taa hiyo iwake kwa sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, jihadhari zaidi, kwani huenda gari ilikwishagonga, mfuko ukafutuka, na mtu akaing'oa taa ili mnunuzi asijue.

BREKI ZENYE ALAMA YA ABS

Hapa ndipo mazoea ya zamani yanapotuponza. Madereva wa umri wangu tulifundishwa kwamba katika hatari breki hupigwa kidogo kidogo, kukanyaga na kuachia, ili tairi zisifunge na gari isiteleze. Kwa gari za wakati ule yalikuwa ni mafundisho sahihi. Gari yenye alama ya ABS hufanya kazi hiyo yenyewe, mara nyingi kwa sekunde moja, kuliko mguu wowote wa binadamu. Dereva anayekanyaga na kuachia katika gari hiyo anaizuia isifanye kazi yake.

Katika gari yenye ABS, kanyaga breki kwa nguvu, endelea kukanyaga, na geuza usukani kukwepa hatari. Utasikia kanyagio likitetemeka na kutoa mlio. Wapo walioshituka kwa mtetemo huo wakaondoa mguu, ilhali mtetemo ndiyo dalili ya kwamba breki inakuokoa.

Faida kubwa ya breki hizi ni kwamba gari bado hugeuka wakati inasimama. Hazifupishi masafa kila mahali. Juu ya mchanga na kifusi, kama zilivyo njia zetu nyingi za shamba, gari yenye ABS inaweza hata kwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Kwa hivyo katika njia hizo punguza mwendo mapema.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa, na yakijaa maji huchemka katika mteremko mrefu, breki ikawa laini na kukosa nguvu. Inafaa yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Vilevile, kwa sisi tuliozungukwa na bahari, fundi atakiwe kukagua kutu katika mabomba ya breki kila gari inapopelekwa gereji.

TAIRI

Gari nzima, pamoja na vifaa vyote nilivyovitaja, imeshikamana na barabara kwa sehemu nne tu, kila moja ikiwa na ukubwa wa kiasi cha kiganja cha mkono. Tairi ikiwa mbovu, breki haina pa kushika.

Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. Kwa mfano, 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya miaka kumi haifai hata ikiwa mashimo yake bado ni marefu, kwani mpira hukauka na kupasuka kwa ndani. Anayenunua tairi zilizotumika azisome tarakimu hizo kabla ya kutoa fedha. Mashimo yakifikia milimita 1.6, tairi hiyo imekwisha. Katika mvua huelea juu ya maji na usukani ukawa hauna kazi.

Kipimo cha upepo kimebandikwa katika fremu ya mlango wa dereva. Kwa gari za Japan hutajwa kwa kipimo cha kilopaskali, ilhali pampu zetu nyingi hupima kwa pauni. Igawe namba ya kilopaskali kwa 7 upate kadirio la karibu. Penye 220, tia pauni 32. Pima asubuhi, tairi zikiwa baridi, na usiisahau spea.

GIA OTOMATIKI NA GARI ZA UMEME NA PETROLI

Wapo madereva ambao wakifika mteremkoni huiweka gari katika nyutro, na wengine huizima kabisa injini, kwa nia ya kubana mafuta. Hili ni jambo la hatari sana, hasa katika vilima vya Pemba. Breki za gari ya kisasa husaidiwa nguvu na injini. Injini ikizimwa, baada ya kukanyaga mara mbili tatu kanyagio huwa gumu kama jiwe, usukani nao huwa mzito, na ufunguo ukitolewa usukani huweza kufunga. Katika mteremko mrefu iwache gari katika gia, na ikiwa ni otomatiki teremsha hadi 2 au L, ili injini isaidie kuizuia. Tena gari nyingi za kisasa hukata mafuta zenyewe mteremkoni zikiwa katika gia, hivyo anayeweka nyutro habani chochote.

Zimeingia pia gari zinazotumia petroli na umeme kwa pamoja. Gari hizi kwa mwendo mdogo hazina sauti. Mzee anayevuka njia kwa kutegemea masikio, au mtoto anayecheza uchochoroni, hatazisikia. Dereva wake awe na hadhari maradufu anapoingia mitaani na anaporudi nyuma. Kamera ya nyuma inasaidia, lakini haioni pembeni. Geuza kichwa utazame. Pia gari hiyo huweza kuonekana imezimika kumbe iko tayari kuondoka, kwa hivyo usishuke kabla ya kuizima na kuiweka katika P. Ikipata ajali, nyaya zake za rangi ya chungwa zisiguswe na mtu yeyote ila fundi aliyefunzwa, kwani zina umeme mkubwa.

MVUA, USIKU NA WATU WA NJIANI

Mvua za mwanzo baada ya kiangazi ndizo zinazoteleza zaidi, kwa vile maji huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyokaa barabarani kwa miezi. Katika masika, penye maji yaliyotuama usikisie kina chake. Maji ya sentimita 30 yanaweza kuielea gari ndogo, na ya sentimita 60 huweza kuichukua karibu gari yoyote. Ukishatoka majini, kanyaga breki kidogo kidogo kwa mwendo mdogo mpaka zikauke.

Usiku, inamisha taa kali unapokutana na mwenzako. Njia zetu zina gari za ng'ombe na baskeli zisizokuwa na taa, na zina watu wanaorudi misikitini na makwao kando ya barabara isiyo na njia ya miguu. Wakati wa msimu, karafuu huanikwa juu ya majamvi pembezoni mwa barabara za Pemba, na penye karafuu pana watoto. Katika barabara ipitayo msitu wa Jozani yamewekwa matuta kwa ajili ya kima punju, mnyama ambaye asili yake ni kisiwa cha Unguja peke yake. Tuta si adui wa gari bali ni kauli ya Serikali kwamba hapa pana roho ya kulindwa.

Penye kiplefti, mpishe aliye kulia kwako. Mgeni anayeendesha gari ya kukodi huenda anatoka nchi inayoendesha kulia, muachie nafasi.

SIMU, UCHOVU NA JOTO

Dereva anayetazama simu kwa sekunde tatu, kwa mwendo wa kilomita 60, amekwenda mita 50 akiwa kipofu. Ujumbe wowote unaweza kungoja mpaka gari isimame. Hali kadhalika dawa za mafua na za mzio huleta usingizi. Muulize mtoaji dawa kabla ya kushika usukani. Katika mwezi wa Ramadhani, saa ya mwisho kabla ya futari watu huwa na njaa, kiu na haraka, wote kwa pamoja barabarani. Futari ya njiani kwa tende na maji ni bora kuliko futari isiyofikiwa.

Viatu navyo ni sehemu ya gari. Ndara huteleza na kuingia chini ya kanyagio, na chupa ya maji iliyoachwa sakafuni huviringika hadi chini ya breki. Na gari iliyofungwa juani huzidi joto kwa kiasi cha nyuzi 10 ndani ya dakika kumi tu. Asiachwe mtoto ndani yake hata kwa shughuli ya dakika tano.

GARI ZA SERIKALI

Ndugu Wakuu wa Idara, mniwie radhi nikisema nanyi. Dereva wa Serikali ni mtumishi aliye chini ya amri. Anapoambiwa na mkubwa wake aliyekaa nyuma, "Ongeza mwendo, tumechelewa kikao," ni vigumu kwake kukataa. Ikitokea ajali, jina linaloandikwa ni la dereva, lakini mguu uliokanyaga mafuta ulikuwa wa wawili. Kutoka kilomita 60 hadi kilomita 80 kwa saa, katika safari ya kilomita 20, mtu hupata dakika tano tu. Hakuna kikao kinachoharibika kwa dakika tano ambacho hakingeweza kuokolewa kwa kuondoka mapema.

Kwa hivyo naomba mambo matatu yawe ni utaratibu wa ofisi zetu. Mkubwa awe wa kwanza kufunga mkanda, na gari isiondoke mpaka wote wamefunga. Dereva akiripoti kasoro ya breki, tairi au taa ya onyo, gari isitoke mpaka itengenezwe, na asilaumiwe. Na kila dereva apewe dakika kumi za kuikagua gari kila asubuhi, zihesabiwe kuwa ni sehemu ya kazi yake.

Nanyi ndugu wananchi mnaomiliki gari zenu, kesho asubuhi kabla ya kuondoka izungukeni gari, someni tarakimu za tairi, tazameni taa za dashibodi zinavyowaka na kuzima, na fungeni mikanda, wa mbele na wa nyuma. Kazi hiyo haifiki robo saa. Tukishafanya yaliyo juu yetu, yaliyobaki si yetu. Lakini kabla ya kuyafanya, tusiseme kwamba ajali haina kinga.

Ndugu Mwenyekiti, kwa haya machache naomba kumalizia hapa. Niko tayari kupokea masuali.